Uzi: Fomula za mgao wa mwaloni zifungwe, zisifichwe

Karani wa Mwalo:

Wakuu, mwangaluka.

Uzi huu ni wa makarani wenzangu wa mialo (kule mitumbwi inakoshushia samaki), matajiri wenye mitumbwi, na yeyote anayelipa watu kwa hesabu zilizomo kwenye Excel. Daftari la kaunta bado lipo, lakini hesabu ya mwisho, ile ya kugawana fedha kati ya tajiri na wavuvi, wengi tumeihamishia kwenye kompyuta. Faili hilo linapita mikono mingi. Karani wa mizani anaingiza kilo, kijana wa dukani anaingiza petroli na barafu, tajiri analifungua akiwa mjini, kisha linarudi kwa WhatsApp. Kila anayeligusa anaweza kuua fomula bila kujua.

Chukua mfano. Mtumbwi umeleta kilo 64 za sangara, bei 9,000 kwa kilo. Seli ya mauzo, yaani kile kisanduku chake kwenye Excel, inasoma 576,000 kwa sababu ndani yake kuna kuzidisha. Mtu anahakikisha kwa kikokotoo cha simu, halafu anaiandika ile 576000 kwa mkono juu ya fomula. Namba haijabadilika, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Baadaye inaonekana kilo zilisomwa kinyume, zilikuwa 46. Karani anasahihisha kilo, na mauzo yalipaswa kushuka hadi 414,000. Hayashuki. Fomula haipo tena, imebaki namba iliyoganda. Shilingi 162,000 ambazo hazikuwahi kuingia zinagawiwa kwa watu kana kwamba zipo, na siku zikigundulika anayetazamwa vibaya ni karani.

Dawa ipo ndani ya Excel yenyewe. Wengi wameshaijaribu wakaiacha, kwa sababu waliianzia mwisho. Kila seli ya shiti mpya huzaliwa ikiwa na alama ya kufungwa, ila kufuli hilo halifanyi kazi mpaka ubonyeze Protect Sheet. Ukibonyeza Protect Sheet moja kwa moja, shiti nzima inaganda, hata kilo huwezi kuingiza. Mtu anaona imeharibika, anaifungua na harudi tena. Utaratibu unaofaa ni kufungua seli zote kwanza, kisha kufunga zile za fomula tu, halafu ndipo ulinde shiti.

Bonyeza Ctrl+A mpaka shiti yote ichaguliwe, halafu Ctrl+1. Nenda kwenye kichupo cha Protection, ondoa tiki ya Locked, bonyeza OK. Sasa bofya seli moja yoyote, bonyeza F5, chagua Special, weka alama kwenye Formulas, OK. Excel itazichagua fomula zote za shiti hiyo kwa mara moja, hata zile ulizosahau ziko wapi. Usibofye kwingine. Bonyeza Ctrl+1 tena, rudisha tiki ya Locked, OK. Kabla ya kulinda, funga kwa mkono na seli zile ambazo hazina fomula lakini hazipaswi kuguswa: vichwa vya kolamu, majina ya mitumbwi, na asilimia ya mgao. Hiyo ya asilimia msiisahau, kwa sababu F5 haitaichagua; ni namba tu, na ndiyo namba nzito kuliko zote kwenye faili.

Kisha nenda Review, Protect Sheet. Weka nywila na uirudie. Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti, kwa hiyo angalia kama Caps Lock imewaka. Kuanzia hapo, anayejaribu kuandika juu ya fomula anapata ujumbe kwamba seli imelindwa. Karani naye anapata faida: akibonyeza Tab, anaruka kutoka seli moja iliyo wazi hadi nyingine bila kupitia zilizofungwa. Ukiwa na mitumbwi mingi asubuhi na foleni mbele ya mizani, hilo unalifurahia kweli.

Fomula zenyewe ziandikeni ziweze kungoja. Mimi natumia C kwa kilo, D kwa bei, E kwa mauzo, F kwa matumizi, G kwa baki. Kwenye E6 naandika =IF(OR(C6="",D6=""),"",C6*D6) na kwenye G6 =IF(E6="","",E6-F6), halafu naziburuta chini mpaka mstari wa 500 kabla ya kufunga. Hii ya kuburuta ina sababu yake. Wale mnaotumia jedwali la Excel linalojiongeza lenyewe ukiandika mstari mpya, mkishalinda shiti halitajiongeza tena. Ni bora mistari iwepo tayari, tupu, inasubiri kilo.

Ongezeni na Data Validation, ile kanuni ya kukagua kinachoandikwa, kwenye kolamu ya kilo: chagua Decimal, weka kiwango cha chini na cha juu ambacho mtumbwi wenu unaweza kuleta kweli. Mtu akiandika "64kg" Excel inaikataa papo hapo. Isingekataa, fomula ingetoa alama ya kosa, #VALUE!, na mtu angejaribiwa kuifuta.

Naomba maswali.

Mama Dagaa Kirumba:

Asante sana kaka karani. Mimi nauza dagaa wakavu pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, natuma magunia mikoani, na wengine nawakopesha. Binti yangu amefuata maelezo yako, fomula za madeni zimefungika vizuri. Shida ni kwamba sasa hatuwezi kupanga majina kuanzia anayedaiwa kikubwa. Tulipokuwa tunalinda shiti tuliona neno Sort tukaweka tiki, lakini bado inagoma.

Karani wa Mwalo:

Shikamoo mama. Hapo hamjakosea. Tiki ya Sort inafanya kazi pale tu ambapo seli zote unazotaka kuzipanga ziko wazi. Kukiwa na hata kolamu moja iliyofungwa katikati, Excel inakataa, kwa sababu kupanga ni kuhamisha vilivyomo, na kilichofungwa hakihamishwi.

Kama Excel yenu ni ya 2021 kuendelea au ile ya kulipia kila mwezi, acheni shiti ya madeni ilivyo, mfungue shiti ya pili isiyolindwa. Tuseme shiti ya kwanza inaitwa Madeni, majina yako kolamu A na baki ya deni iko D. Kwenye shiti ya pili andikeni =SORT(FILTER(Madeni!A6:D500,Madeni!A6:A500<>""),4,-1). Orodha itajipanga yenyewe, mdaiwa mkubwa juu, na kila akilipa inabadilika. Hiyo FILTER ya ndani msiiache, la sivyo mistari mitupu itakuja juu ya majina ya watu.

Kama ni Excel ya zamani, tumieni kichujio. Wekeni Filter kabla ya kulinda, kisha mnapolinda mtie tiki kwenye Use AutoFilter. Haitapanga, lakini mtaweza kuchuja wanaodaiwa zaidi ya kiasi fulani, na kwa kufuatilia madeni hiyo inatosha.

Mama Dagaa Kirumba:

Marahaba mwanangu. Binti anaijaribu jioni.

Mvuvi wa Zamani:

Nimesoma yote kwa utulivu na nina neno. Sisi tulipokuwa ziwani hesabu ilifanyika mbele ya watu. Matumizi yalitajwa moja moja: petroli, chakula, kiraka cha wavu. Ukiona limetajwa jambo usilolijua, unauliza hapohapo. Leo kijana anatoka ziwani amelowa, anaambiwa "yako ni hii, kompyuta imesema." Sasa mnafundishana kuweka na kufuli. Asiye na nywila atajuaje kwamba ndani ya kufuli hakuna wizi? Kwangu mimi daftari lilikuwa na heri, nalisoma hata nikiwa nimesimama.

Karani wa Mwalo:

Mzee wangu, shikamoo. Umegusa jambo lililonifanya nianzishe uzi huu, na nitalijibu kwa urefu.

Pale kwenye kichupo cha Protection kuna tiki mbili. Moja ni Locked, ya pili ni Hidden. Watu wengi huziweka zote kwa pamoja kwa kuwa ziko jirani, lakini kazi zake ni tofauti kabisa. Locked inazuia seli isibadilishwe. Hidden inazuia fomula isionekane: ukibofya seli unaona jibu tu, na mstari wa juu ambao kwa kawaida huonyesha fomula unakuwa mtupu. Kufunga kunamlinda kila mtu, mvuvi na tajiri. Kuficha kunamlinda mmoja.

Msimamo wangu kwenye hesabu za mgao ni huu: Locked ndiyo, Hidden hapana. Na mnapolinda shiti, lile dirisha lina orodha ya mambo mnayoruhusu. La kwanza kabisa ni Select locked cells. Liacheni na tiki yake. Likiwa na tiki, yeyote anaweza kubofya seli ya fungu lake, akaona limetokana na seli zipi, ingawa hawezi kulibadilisha. Ukiliondoa hawezi hata kuigusa, anabaki anatazama namba kama anatazama tangazo ukutani.

Nakwenda mbali zaidi. Kwenye Excel ya kuanzia 2013 kuna =FORMULATEXT(G6). Inaandika fomula ya seli nyingine kama maneno ya kawaida. Mimi naiweka pembeni ya shiti ya mgao, chini yake naandika kwa Kiswahili: mauzo toa matumizi, baki mara asilimia ya wavuvi, gawa kwa idadi ya wavuvi. Inachapishwa pamoja na hesabu. Asiyejua kompyuta atasoma Kiswahili, na anayejua atalinganisha na fomula.

Na matumizi, mzee, yasijumlishwe nje ya faili kisha yakaletwa kama namba moja. Yawe na shiti yake, kila kitu na mstari wake, tarehe yake na aliyenunua. Shiti ya mgao isome jumla kutoka huko. Ukiyaleta kwa jumla, hata fomula iwe wazi kiasi gani, mvuvi hataona alikatwa nini. Kule kutajwa moja moja mlikokuwa nako ndiko kunakopaswa kuingia ndani ya kompyuta, na bado yasomwe kwa sauti siku ya kugawana.

Mvuvi wa Zamani:

Marahaba. Hapo kwenye matumizi umesema ukweli wote. Hilo la kuyaleta kwa jumla ndilo linalofanyika, na ndilo linalouma. Lakini bado mwenye nywila ni tajiri. Akitaka asilimia ya 50 iwe 45, anafungua, anabadilisha, anafunga. Nani atajua?

Boti Mbili:

Mimi ndiye tajiri mnayemsema, nina boti mbili, nafanya dagaa na sangara. Sikasiriki, swali ni la haki. Kwangu tulimaliza hivi: shiti ina nywila moja, lakini hakuna anayeijua yote. Nusu ya kwanza naijua mimi, nusu ya pili anaijua nahodha. Ikihitajika kubadilisha kitu tunakaa pamoja, mimi naandika yangu anageuka pembeni, yeye anaandika yake nageuka mimi. Ile nywila nzima imeandikwa kwenye karatasi mbili, kila mmoja nusu yake, zimefungwa kwenye bahasha kwa mtu tunayemwamini wote. Kabla ya hapo mgao ulikuwa unaanza na maneno. Sasa unaanza na hesabu.

Kwa upande wa dagaa tunafunga hesabu mbalamwezi ikija, maana mwanga ukiwa mwingi taa hazivuti dagaa na watu wanapumzika. Swali langu: kila giza jipya, yaani mbalamwezi ikiisha tukarudi kuvua, nafungua faili la mwezi uliopita, nafuta kilo zote, nahifadhi kwa jina jipya. Kuna njia bora?

Karani wa Mwalo:

Boti Mbili, nakupongeza kwa dhati. Wengine waige.

Ipo njia bora. Chukua faili lililo safi, fomula zimefungwa, kilo hazijaingizwa. Nenda Save As, na kwenye aina ya faili uchague Excel Template. Kila giza likianza unalibofya mara mbili, na Excel inakufungulia nakala mpya isiyo na jina, ikiwa na makufuli yote yaleyale. Ile ya asili haiguswi. Kufutafuta faili la zamani ni hatari kwa sababu siku moja utahifadhi bila kubadilisha jina, na giza zima la nyuma litakuwa limekwenda.

Mkifunga hesabu mbele ya nahodha, ihifadhini kama PDF na muitume kwenye grupu la WhatsApp la wavuvi hapohapo. Hii inamjibu pia mzee wetu: asilimia ikibadilishwa baadaye, nakala ya zamani iko kwenye simu za watu wote.

Fundi wa Nyakato:

Naomba niongeze jambo ambalo watu wa kazi yetu tunapaswa kulisema waziwazi. Nywila ya Protect Sheet haikutengenezwa kumzuia mwizi. Faili la xlsx ni kifurushi kilichobanwa chenye mafaili madogo ya maandishi ndani yake, na kufuli la shiti ni mstari mmoja tu katika moja ya hayo mafaili. Anayejua anauondoa. Kwenye matoleo ya kabla ya Excel 2013 nywila yenyewe ilihifadhiwa kwa alama fupi sana ya biti 16, kiasi kwamba nywila nyingine tofauti kabisa inaweza kulifungua kufuli lilelile. Kuanzia 2013 hapo pameimarishwa sana, ila ule mstari bado unaweza kuondolewa.

Kwa hiyo lichukulieni kama boya juu ya wavu: linamwambia mwenye nia njema apite pembeni, lakini halimzuii aliyekuja usiku na kisu. Wanaoharibu hesabu za mwaloni kwa sehemu kubwa ni wenye nia njema wenye haraka, na kwao boya linatosha.

Kama mnataka mtu asilifungue faili kabisa, hiyo ni kazi nyingine. Nendeni File, Info, Protect Workbook, Encrypt with Password. Hapo faili zima linasimbwa, na bila nywila halifunguki. Lakini mkiisahau nywila hiyo, hata Microsoft wenyewe hawana namna ya kuwarudishia. Msiitumie kwenye faili la mgao kama hamna utaratibu wa bahasha kama wa Boti Mbili.

Kuna na kufuli la tatu, Review, Protect Workbook. Hilo linalinda mpangilio wa shiti: haziwezi kufutwa, kubadilishwa majina wala kuhamishwa, na zilizofichwa haziwezi kufichuliwa. Faili lenye shiti za matumizi, mauzo na mgao zinazosomana liwekeeni.

Mwalimu Igoma:

Nami nimefaidika. Natumia kwenye alama za wanafunzi: =IF(C5="","",IF(C5>=75,"A",IF(C5>=65,"B",IF(C5>=45,"C",IF(C5>=30,"D","F"))))). Walimu wenzangu kila mmoja anaingiza somo lake, na kuna anayetaka kugusa kolamu ya mwenzake. Naweza kumpa kila mmoja kolamu yake?

Fundi wa Nyakato:

Unaweza, mwalimu. Kabla hujalinda shiti, nenda Review, Allow Edit Ranges. Bonyeza New, chagua kolamu ya Hisabati, ipe nywila ya mwalimu wa Hisabati. Fanya hivyo kwa kila somo. Kolamu hizo ziache zikiwa Locked, kwa sababu zikiwa wazi nywila haitaulizwa. Kisha ulinde shiti. Mwalimu akianza kuandika kwenye kolamu yake ataombwa nywila yake mara moja, ataendelea mpaka afunge faili.

Mkiwa na intaneti ya kuaminika, Google Sheets inalifanya hili vizuri zaidi. Nenda Data, Protect sheets and ranges. Huko hakuna nywila. Unataja barua pepe ya anayeruhusiwa kuhariri, na historia ya matoleo inaonyesha nani alibadilisha nini na saa ngapi. Kwa mgao wa wavuvi ningependa sana itumike, ila kwa mialo ya visiwani mtandao ukikatika siku ya kulipa mtakwama, kwa hiyo muwe na nakala ya Excel mkononi.

Boti Mbili:

Jambo la mwisho kutoka kwangu. Karani wangu analetewa kilo kwa faili lingine kutoka kambini, ananakili na kubandika. Seli zilikuwa wazi, lakini baada ya kubandika zimejifunga, hazikubali kurekebishwa. Na ile "64kg" imepita bila kukataliwa.

Karani wa Mwalo:

Ukibandika kwa Ctrl+V, seli inakuja na kila kitu chake: rangi, mpaka, na hata ile alama ya Locked iliyokuwa nayo kule ilikotoka. Kwa kuwa kule hakuna aliyeziondolea tiki, zimekuja zimefungwa, na shiti yako imezitii. Data Validation nayo haikagui kilichobandikwa, inakagua kilichoandikwa, na kubandika kunaweza hata kuifuta kwenye seli hizo.

Fungueni shiti wewe na nahodha, ziondoleeni Locked seli hizo, wekeni upya Data Validation, ila msilinde kwanza. Kisha kwenye Data, bonyeza mshale ulio kando ya Data Validation, uchague Circle Invalid Data. Namba zote zisizofaa zitazungushiwa duara jekundu na karani azirekebishe moja moja, ndipo mlinde tena. Kuanzia leo akinakili kutoka kambini abofye kulia na kuchagua Paste Special, Values. Inaingia namba peke yake.

Mama Dagaa Kirumba:

Orodha ya wadaiwa imejipanga. Wa juu kabisa nilikuwa simfikirii hata kidogo. Nampigia kesho asubuhi.